Viatu vya Mama Ikram

Zaitun Hamisi alifika Tunduma mwaka 1988, amekaa mbele kwenye lori la mumewe Bashiri, akiwa na miaka ishirini na miwili. Walitoka Kondoa. Bashiri alikuwa dereva wa mizigo ya Zambia, akachoka kumwacha mke mbali, akapanga chumba na sebule mtaa wa Sogea. Zaitun hakumjua mtu hata mmoja. Majirani walizungumza Kinamwanga, na sokoni wanawake wa Kibemba waliovuka kutoka Nakonde walimsalimu "Mulishani mukwai," naye wiki nzima akadhani wanamuuliza bei.

Miaka ile viatu bado vilikuwa shida. Kulikuwa na watu wazima, wenye nyumba na ng'ombe, ambao walivaa kiatu Jumapili tu. Kisha mitumba ikaruhusiwa, na Zaitun akanunua robota moja la viatu, akatandaza turubai karibu na reli. Wenzake walimwaga mzigo chini kama ulivyo. Yeye aliosha kila kiatu, akakausha, akashona soli iliyoachia, akabadilisha kamba. Ufundi wa kushona alijifunza kwa kumtazama fundi mmoja wa pale sokoni, na baada ya miezi michache fundi mwenyewe akawa anampelekea kazi zilizomshinda.

Alimzaa Ikram mwaka 1990, akawa Mama Ikram kwa mji mzima. Kutoka turubai akahamia kibanda. Bashiri alifariki kwa ugonjwa mwaka 1999, na ndugu wa Kondoa wakatuma ujumbe kwamba arudi nyumbani. Aliwajibu kwa barua fupi kwamba nyumbani kwake ni Tunduma, kibanda kipo, na mtoto yuko shule.

Mimi nilimfahamu vizuri kuanzia Agosti 2005, jengo jipya la maduka lilipofunguliwa mjini. Mwenye jengo alikuwa Yassir, mtu wa Tanga aliyetajirikia kwenye usafirishaji. Ubaoni liliandikwa jina refu la Kiingereza lenye neno Plaza, lakini sisi tuliliita Ghorofani. Lilikuwa na maduka thelathini na manne, chini na juu, milango ya vioo, na sakafu ya vigae vyeupe vilivyong'aa mpaka ukajiona. Mimi nilikuwa na mashine ya fotokopi ghorofa ya juu. Mlango uliofuata ulikuwa wa Loisi, mama wa Mbozi Mission aliyekodisha magauni ya harusi. Baada yake ndipo duka la Mama Ikram.

Leo ni vigumu kumweleza kijana jinsi mahali pale palivyokuwa. Ilikuwa msimu wa kahawa, wakulima wa Mbozi wameshalipwa, wakaja na wake zao na watoto waliovalishwa vizuri, hata kama hawakuwa na cha kununua. Walikuja kutembea. Walipofika mlangoni na kuona vile vigae, wengi walivua viatu wakaviacha nje, kama wanaingia kwenye nyumba ya mtu. Mlinzi alipata kazi ya kuwaambia wavae. Zaitun alimwambia awaache.

"Wanaingia peku," alisema, "wanatoka na viatu vyangu."

Jumapili ngazi zilijaa. Mpiga picha alisimama pale kwenye kona, kila familia ikapigwa picha imeshika ukingo wa ngazi. Vijana walichumbiana pale. Wazambia walivuka mpaka kwa makundi. Kwa miaka saba au minane, ukimwuliza mtu wa Tunduma mtakutana wapi, alikujibu Ghorofani.

Katika shughuli zote hizo, duka la Mama Ikram lilikuwa na taratibu zake. Mteja aliketishwa kwenye benchi. Zaitun alipiga magoti, akaushika mguu kwa mikono miwili, akauminya kwenye vidole na kisigino, kisha akaenda kwenye rafu bila kuuliza namba. Baada ya hapo mteja alitakiwa atembee hatua kumi, mpaka mlangoni kwangu na kurudi, huku yeye akiangalia. Mzee mmoja aitwaye Anyosisye, mkulima wa kahawa, alipenda kiatu cheusi chenye ncha kali, akakilipia kabisa. Alipotembea, Zaitun akamrudishia hela yake.

"Hiki hakikufai, mzee. Kidole gumba kitaumia."

"Mimi ndiye mwenye kidole," Anyosisye alisema.

"Na mimi ndiye utakayenitaja kijijini ukichechemea."

Alimpa kingine, cha mviringo, cha bei ya chini. Mwaka uliofuata yule mzee alileta ukoo mzima.

Mabadiliko yalianza kimyakimya, kama mwaka 2012 hivi. Simu za kupangusa zilishuka bei, watu wakaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Kwanza tulifurahi nasi, tukapiga picha bidhaa zetu. Kisha tukaona mteja anaingia, anauliza, anashika, anapiga picha, anasema narudi, na harudi. Mzigo uleule aliuagiza Kariakoo akiwa amekaa sebuleni kwake, ukaletwa na basi. Muuza redio wa chini akafunga. Muuza mapazia akafuata. Loisi alivumilia mpaka mabibi harusi walipoanza kununua magauni yao wenyewe kutoka kwa watu wasiowajua, akafungasha, akarudi Mbozi Mission. Siku anaondoka alimwachia Zaitun kioo chake kirefu, maana hakikuingia kwenye gari.

Kufikia mwanzoni mwa 2014 maduka yaliyobaki wazi yalikuwa kumi na moja. Yassir alizima taa za ngazi mchana. Mpiga picha alikwenda kuuza vocha.

Zaitun hakuwa mtu wa kulalamika, ila alikuwa amegundua jambo lililomkera. Watu walikuwa bado wanaingia dukani kwake, tena wengi kuliko kwetu. Walikaa benchi, wakajaribu, wakatembea hatua kumi, wakauliza namba iliyoandikwa ndani ya kiatu, wakashukuru kwa adabu na kuondoka. Siku moja mwezi wa pili alikuja mwalimu Elizabeti wa shule ya msingi, mteja wake wa siku nyingi. Alijaribu kiatu cha kahawia, kikamkaa sawasawa, akatoa simu akaiandika namba.

"Mwalimu," Zaitun alisema, bado amepiga magoti, "kaa kidogo. Sikulazimishi kununua. Nataka unieleze tu unafanya nini."

Elizabeti aliona aibu. Akamwonyesha simu. Kulikuwa na kundi la kuuza viatu, na kiatu kilekile cha kahawia kimepigwa picha vizuri juu ya mkeka.

"Vinatoka Mbeya, Mama Ikram. Muuzaji anatuambia tujue kwanza namba zetu, maana hivi vya China namba zake zinadanganya. Akasema Tunduma kuna duka zuri la kujaribia." Akaanza kukivua kile kiatu. "Samahani."

Zaitun aliichukua ile simu. Mkono ulioshika kiatu kwenye picha ulikuwa na kovu la moto kuanzia kwenye kifundo mpaka katikati ya mgongo wa kiganja. Alilifahamu lile kovu. Uji ulimwagika mwaka 1996, na yeye ndiye aliyeupaka ule mkono asali kila siku mpaka ngozi ikarudi. Mkeka nao aliununua mwenyewe. Alirudisha simu, akasema asante mwalimu, akafunga duka ikiwa saa nane mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimjue.

Asubuhi yake alikwenda Mbeya. Ikram alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea biashara, amepanga chumba mtaa wa Soweto. Haya yaliyotokea huko wamenisimulia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanafanana.

Ikram alifungua mlango, akashtuka, akasema, "Shikamoo, Mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Hii mizigo ni ya nani?"

Maboksi ya viatu yalikuwa yamepangwa mpaka darini, kitanda kimesukumwa ukutani.

"Ya kwangu, Mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tisa."

"Na watu wa Tunduma ukawaambia waje kujaribia kwangu."

Ikram alitazama chini. "Niliwaambia wawili watatu. Halafu wakaambiana wenyewe."

Zaitun aliketi kitandani. Hakupandisha sauti. "Mimi napiga magoti pale, Ikram. Nashika miguu ya watu wazima, najua nani ana sugu, nani ana kisukari kidonda hakiponi. Kumbe nampimia mwanangu wateja, na mwanangu hajaniambia."

"Nilijua utanikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Na wewe ungebishana na mimi mpaka tuelewane. Ndivyo watu wa nyumba moja wanavyofanya."

Ikram alilia. Zaitun alimwacha alie, hakumbembeleza. Macho yake yalikwenda kwenye kona, ambako maboksi yalikuwa yamerundikwa ovyo, mengine yamechanika.

"Na hivi vya huku?"

"Vimerudi. Vimebana, au vikubwa. Nimechoka navyo. Ndivyo vinavyonimaliza."

Zaitun hakuweza kuacha kiatu bila kukiangalia. Alivuta boksi la kwanza, akaingiza mkono ndani, akakunja soli, akaweka pembeni. Akavuta la pili. Baada ya saa nzima alikuwa amepanga marundo matatu sakafuni. Rundo la kwanza, alisema, ni viatu vyembamba ambavyo kiwandani walipunguza ngozi. Rundo la pili, namba iliyoandikwa si yake. La tatu ndilo kubwa.

"Hili la watu waliokudanganya. Mwanamke anavaa arobaini, anakuandikia thelathini na nane kwa sababu ndiyo anayoitaka."

Ikram alicheka huku bado anafuta machozi.

"Unajua wakulima wa Ikinga, kule Ileje, walinunuaje viatu kwangu?" Zaitun aliendelea. "Mume alikuja peke yake. Mfukoni ana vijiti viwili. Kimoja urefu wa mguu wa mkewe, kingine upana. Miaka mingi niliwauzia wanawake ambao sikuwahi kuwaona sura, na viatu vilivyorudi havifiki vitano. Kumuuzia mtu usiyemwona hakukuanza na ninyi wa simu. Ninyi mmeacha tu kumpima."

"Kwa hiyo niwaambie watu wa Mbeya wakate vijiti?"

"Wasimame juu ya karatasi, jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea. Wauchore. Waweke rula pembeni, wapige picha, wakutumie."

"Watachoka, Mama. Mtu anataka kubonyeza tu amalize."

"Atakayechoka kuchora mguu wake mwache akanunue kwa mwingine. Atakurudia."

Walibishana mpaka chakula cha mchana na kuendelea baada yake. Zaitun alipopanda gari la kurudi alikuwa na sharti moja, na Ikram amelikubali: hakuna tena mtu wa kutumwa Ghorofani bila Mama kujua. Na yeye mwenyewe alikuwa na wazo ambalo hakumwambia mtu.

Wiki mbili baadaye Yassir alituita wapangaji wote. Alikuwa mtu mzuri na alikuwa ameumia. Lile jengo lilikuwa fahari yake. Alipendekeza muziki Jumapili, mabango barabarani, michezo ya watoto. Baadhi yetu tulipiga makofi. Zaitun aliinua mkono.

"Mzee Yassir, umetutendea wema. Lakini watu hawakuacha kuja kwa sababu hakuna muziki. Walikuja hapa kuona vitu, na sasa vitu wanaviona kitandani. Tusidanganyane. Mimi mwezi wa sita natoka."

"Unaacha biashara, Mama Ikram?"

"Naacha duka. Biashara naenda nayo."

Tulidhani amekata tamaa na anajikaza mbele za watu. Alipanga chumba kimoja nyuma ya ofisi za mizigo ya mabasi, palepale ambapo vifurushi vya Dar na Mbeya vinashushwa. Kilikuwa na bati bila dari na mlango wa mbao. Akaingiza benchi lake, kile kioo cha Loisi, cherehani ya kushonea ngozi, na miguu ya mbao ya kutanulia viatu. Nje akaandika kwa rangi ya bluu: UMENUNUA KWENYE SIMU? NJOO UJARIBU HAPA. TUNAREKEBISHA.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa mibaya. Watu walichukua vifurushi vyao, wakapita mlangoni kwake wakiwa na haraka, wakaenda kugundua nyumbani kwamba kiatu kimebana, na wakakiacha uvunguni. Nilipita siku moja nikamkuta amekaa peke yake anang'arisha vifaa vilivyokwisha kung'aa.

"Vipi, Mama Ikram?"

"Bado hawajaumia vya kutosha," alinijibu.

Mwezi wa tisa Loisi alipiga simu kutoka Mbozi Mission. Ilikuwa Alhamisi. Mtoto wa dada yake, Teresia, alikuwa anaolewa Jumamosi kanisani pale Moravian, na viatu vya wasimamizi wanane viliagizwa kwenye simu, vyote rangi ya shaba, vyote vya kuchuchumia. Vilikuwa vimefika siku ile. Hakuna msichana hata mmoja aliyeweza kutembea navyo. Muuzaji hapokei simu.

"Usivirudishe, na usiruhusu mtu avilazimishe," Zaitun alimwambia. "Nakuja."

Alifika jioni na begi la vifaa. Aliwaketisha wale wasichana wanane ukumbini kwa shangazi yake Teresia, akapiga magoti mbele ya kila mmoja, akaushika mguu. Jozi tano zilikuwa za ngozi kweli, akazilowesha ndani, akazipachika miguu ya mbao. Mbili zilikuwa za plastiki, haziwezi kutanuka. Akazifumua nyuma kwenye kisigino, akashona utepe mpana wa mpira wa rangi ileile ya shaba, kazi iliyochukua Ijumaa nzima. Jozi ya nane aliikataa. Msichana mwenyewe, aitwaye Ruti, alikuwa na mguu uliowahi kuvunjika.

"Wewe hutavaa kisigino kirefu. Utavaa hivi," akampa vya chini alivyokuja navyo kutoka akiba yake, akavipaka rangi ya shaba.

"Nitakuwa mfupi kuliko wenzangu," Ruti alisema.

"Utakuwa unatembea. Tusubiri tuone wenzako saa kumi jioni."

Ijumaa jioni aliwatembeza wote wanane uwanjani, hatua kumi kumi. Jumamosi waliingia kanisani kwa mwendo wa pole, wawili wawili, na hakuna aliyejikwaa. Walicheza mpaka jua likazama. Zaitun alialikwa akae meza ya shangazi, na Loisi akamtambulisha kwa kipaza sauti kwamba huyu ndiye aliyewavisha. Katika harusi ile walikuwepo watu wa Vwawa, wa Mlowo, wa Mbangala. Wanawake walimfuata mmoja mmoja kwenye kiti chake, na kila mmoja alikuwa na kiatu uvunguni.

Walianza kuja Jumatatu. Mwisho wa mwezi ule foleni ya kwake ilikuwa ndefu kuliko ya ofisi ya mizigo. Kisha likaja jambo ambalo hata yeye hakulitarajia: wauzaji wenyewe wa kwenye simu, wa Dar na wa Mbeya, wakaanza kumtumia mizigo moja kwa moja. Waliona wateja wa Tunduma hawarudishi viatu. Wakamwomba apokee, ajaribishe, arekebishe panapohitajika, ndipo mteja aondoke navyo. Alikubali kwa sharti lake la siku zote. Asiyetembea hatua kumi hapewi mzigo, hata kama ana haraka, hata kama ni mkubwa wa idara. Afisa mmoja aligoma. Alikaa dakika kumi akisubiri abembelezwe, kisha akatembea.

Ikram alimaliza chuo mwaka ule, akarudi Tunduma na maboksi yake yote. Walipanga chumba cha pili na kuvunja ukuta wa katikati. Upande mmoja binti na simu zake tatu na picha za miguu iliyochorwa kwenye karatasi za daftari. Upande wa pili mama na benchi. Walibishana kila siku. Ikram alitaka wapunguze muda wa kujaribu, Mama alitaka aache kuuza vile vya plastiki. Katika hilo la plastiki Mama alishinda, na katika mengine mengi Ikram ndiye aliyekuwa na haki, Zaitun mwenyewe alinikubalia hivyo.

Ghorofani nako hakukufa kabisa. Yassir alikodisha chini kwa wafanyabiashara wa mahindi, magunia yakapangwa juu ya vile vigae, na juu akafungua nyumba ya wageni inayojaa madereva wanaosubiri kuvuka. Anasema inamlipa vizuri kuliko zamani, ingawa akisema hivyo hakutazami usoni. Mimi nilihamisha fotokopi yangu, nikaiweka jirani na Mama Ikram. Nusu ya kazi yangu sasa ni kuchapisha karatasi zenye rula pembeni ambazo watu wanasimama juu yake.

Mwanzoni mwa 2015 Ikram alitaka picha ya tangazo. Alimwomba mama yake apigwe akiwa amepiga magoti mbele ya mteja, ameshika mguu, kama afanyavyo kila siku. Nilidhani Zaitun atakataa. Aliuliza tu kama picha itaonekana na watu wa Kondoa. Ikram akamwambia itaonekana popote. Basi Zaitun akaenda nyumbani, akabadilisha mtandio, akarudi, akapiga magoti.

Picha ile ilileta watu kutoka Sumbawanga, Ileje na ng'ambo Nakonde. Wengi hawakuuliza habari za viatu wala bei. Waliuliza kama yule mama anakuwepo kila siku. Ikram aliwajibu wote vilevile: yupo, isipokuwa Ijumaa mchana.